Kamera imeelekezwa usoni mwangu: nisaini au niache kazi?

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni dereva wa malori, nina miaka 52. Njia yangu ni Dar es Salaam, Tunduma, Kasumbalesa mpaka Lubumbashi. Nilianza kama utingo, nikapewa usukani enzi za gari ambazo gia unaitafuta kwa mkono na sikio. Sijawahi kuua mtu barabarani, namshukuru Mungu.

Hivi karibuni bosi alileta mafundi yadi wakafunga kamera kwenye kila gari. Jicho moja linatazama barabara, la pili linanitazama mimi. Nikipiga miayo inalia. Nikiangalia kioo cha pembeni nikakawia kidogo, inalia. Nikivaa miwani, pale jua la jioni linapokupiga usoni ukienda magharibi, ndiyo balaa, inadhani nimelala. Na mlio wenyewe ni sauti ya mwanamke ananisemesha Kiingereza.

Safari iliyopita nimetoka Makambako usiku, saa tisa hivi, simu ikaita. Nikaona ni namba ya ofisi, nikapokea. Ni kijana anayekaa kwenye kompyuta, mwanangu wa kwanza ni mkubwa kwake. Ananiuliza, "Mzee, mbona unapiga miayo?" Nikamjibu nikaendelea na safari. Asubuhi inaingia meseji kwamba nimekatwa elfu ishirini kwa kosa la kutumia simu nikiendesha!

Mama, humo kabini ndimo ninamolala. Ndimo ninamobadilishia nguo, ndimo ninamosali foleni ya mpakani ikigoma. Mwenzetu mmoja alipaki, akaifunika kamera kwa kofia ili alale, kaandikiwa barua ya onyo. Wameweka na kifaa cha kupima kwenye tenki la mafuta. Hilo mimi sina maneno nalo mengi, ila wenzangu linawauma.

Sasa tumepewa fomu ya ukurasa mmoja tusaini kwamba tumekubali mfumo mpya na makato yake. Vijana wanasema wanasaini tu, haina shida. Wa rika langu wanataka tupaki gari zote siku moja, na wanataka mimi nitangulie kwa kuwa ndiye mkubwa. Mke wangu anasema nisaini, watoto bado wanasoma. Mimi nafikiria kurudi zangu Rungwe nikalime parachichi.

Nisaini, nigome, au niache?

Dereva wa siku nyingi, Mbeya

*

Marahaba, baba. Usisaini leo, usipaki gari kesho, na parachichi ziache kwanza zisubiri.

Kabla ya safu hii nilifanya kazi ofisi ya usafirishaji Dar es Salaam, nikipanga safari na kupokea simu za madereva waliokwama, kwa hiyo upande ule wa kompyuta naujua. Nianze na yule kijana. Mtu anayekaa ofisini akampigia simu dereva aliye kwenye mwendo, usiku, na tani zake mgongoni, amefanya jambo la hatari kuliko miayo yako. Kisha ofisi hiyohiyo inamkata dereva kwa kupokea simu yake. Hapo hakuna teknolojia yoyote iliyokosea, ni watu wamepewa kifaa bila kupewa utaratibu. Hilo ndilo la kwanza kumwambia bosi, na mwambie kwa upole, maana hata yeye akilisikia mara moja tu ataona aibu. Dereva akionekana amechoka, atumiwe ujumbe wa kusimama mahali salama, na ujumbe huo ausome akishapaki. Kama hana budi kupigiwa, apigiwe gari ikiwa imesimama. Mfumo wenyewe unamwonyesha kijana kama gari inatembea au imesimama, hana kisingizio.

Lakini baba, miayo ulipiga. Saa tisa usiku, kati ya Makambako na Igawa, mashine ilisema kweli. Na hapa niseme na wewe kama mama yako, ingawa tumepishana umri kidogo tu. Mwili wa binadamu hushuka nguvu kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, awe dereva wa wiki moja au wa miaka thelathini. Usingizi wa sekunde mbili tatu humkuta mtu macho yakiwa nusu wazi, na mwenyewe akizinduka huapa kwamba hakulala. Gari ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa inakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu ni mita 66 ambazo hakuna aliyeshika usukani. Mteremko wa Kitonga unaujua kuliko mimi, huhitaji nikueleze mita 66 pale zinaishia wapi.

Kwa hiyo mimi siko upande wa wanaotaka kamera ing'olewe. Niko upande wa wanaotaka ifanye kazi moja inayojulikana, na kazi hiyo iandikwe.

Kwanza uelewe inavyokuona. Kamera ya ndani humulika uso kwa mwanga ambao jicho la mtu halioni, ndiyo maana hata gizani inakupata. Programu yake inatafuta macho, inapima kope zimefumba kwa muda gani, kichwa kimeinama au kimegeuka kiasi gani. Kikizidi kipimo kilichowekwa, inalia, inakata kipande kifupi cha video na kukituma ofisini kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Sasa, miwani mingine ya giza huzuia ule mwanga, kamera ikakosa macho ikahesabu yamefumba. Na kama fundi aliifunga na kuipanga akiwa amekaa yeye kwenye kiti, mtu mfupi kuliko wewe au aliyevuta kiti mbele, basi kila ukitazama kioo cha pembeni itadhani umegeuka. Vyote hivyo vinarekebishika. Gari ikirudi yadi, mwite fundi uwe umekaa wewe, kiti chako kilivyo, miwani yako usoni, tazama vioo vyote viwili kama unavyotazama ukiwa njiani, yeye apange upya. Mwulize pia kama ile sauti inaweza kubadilishwa lugha. Vifaa vingi vina chaguo la lugha, au angalau mlio mtupu usio na maneno. Kusemeshwa lugha usiyoizoea usiku wa manane ni kero tu, haimsaidii mtu kuamka.

Kila mlio wa uongo unaokutana nao, andika kwenye daftari: saa, mahali, ulikuwa unafanya nini. Utakapokaa na bosi, maneno "inalia ovyo" hayatakufikisha popote. Lakini ukimwonyesha kwamba kila jioni kuanzia Mikumi kwenda Iringa inalia ukivaa miwani, na ukivua hailii, hana pa kutokea.

Sasa mafuta. Umeandika sentensi mbili ukakimbia, na mimi nimezisoma mara tatu. Tuliofanya kazi kwenye usafirishaji wote tunajua: mileji, yaani posho ya safari, haitoshi, dereva anajiongeza kwa lita chache zinazoishia kwenye madumu kando ya barabara, bosi anajua, ananung'unika, lakini mileji haipandishi kwa sababu anajua unajiongeza. Yamekwenda hivyo miaka mingi. Kifaa cha kwenye tenki kimeufunga huo mlango upande mmoja tu. Ndiyo maana wenzako linawauma kuliko kamera, ila kamera ndiyo inayosemeka hadharani. Ushauri wangu ni kwamba msiitetee ile biashara, haiteteeki, na siku mtakayoitaja mkutanoni mmeshindwa. Zungumzieni mileji yenyewe. Chukueni gharama za safari moja kamili, chakula, maegesho, choo na kuoga, siku za kukaa Kasumbalesa, muziweke mezani zilivyo leo. Kama bosi ataokoa mafuta kwa kifaa hiki, na ataokoa, ana mahali pa kutoa nyongeza.

Na kifaa chenyewe msikiamini kama msahafu. Kinapima kimo cha dizeli ndani ya tenki. Ukipaki kwenye mteremko dizeli inaegemea upande mmoja na kipimo kinaruka. Kwenye matuta inacheza. Foleni nayo ina hesabu yake: injini ya lori ikinguruma gari imesimama inakula lita mbili hadi tatu hivi kwa saa, na wewe unajua foleni ya kuelekea Kasumbalesa inaweza kuwa ndefu kiasi gani. Piga picha ya dashibodi unapoondoka, unapofika, na kila unapoingia foleni ndefu. Kuna faida moja pia ambayo wenzako hawaisemi. Usiku mmoja ukiibiwa mafuta umelala, zamani ilikuwa ni neno lako dhidi ya tenki tupu. Sasa grafu inaonyesha saa ileile mafuta yaliposhuka ghafla, na kamera ya mbele inaonyesha ulikuwa umepaki wapi.

Kuhusu makato, hapa sheria iko nanyi kuliko mnavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyojisikia. Akidai umesababisha hasara, lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na alivyokokotoa, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Elfu ishirini kwa meseji ya asubuhi haina hata kimoja kati ya hivyo. Hasara ilikuwa ipi? Ndiyo maana wanataka saini yenu kwenye fomu. Fomu inayosema "nakubali makato yote yatakayotokana na mfumo" ni hundi isiyojazwa kiasi, na hiyo usiisaini hata kama kila kijana wa yadi amesaini. Ukibanwa sana, andika kwa mkono wako juu ya saini: "Nimepokea na kusoma, sijakubaliana na kipengele cha makato," weka tarehe, baki na nakala.

Upande wa picha zako kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Uso wako ni taarifa binafsi. Anayeukusanya anapaswa kukwambia anaukusanya kwa kazi gani na nani atapewa, na wewe una haki ya kuomba kuona kilichohifadhiwa juu yako. Muulizeni bosi maswali ya kawaida kabisa: video zinakaa muda gani kabla ya kufutwa, nani ana neno la siri, zinahifadhiwa hapa au nje ya nchi, kijana wa ofisini akimrushia mwenzake kwenye WhatsApp kipande cha dereva anayekoroma atachukuliwa hatua gani. Hilo la mwisho usilicheke, hutokea.

Na kulala. Kamera ya mbele ibaki macho usiku kucha kama bosi anataka, inalinda mzigo wake na inakulinda wewe. Ya ndani haina kazi injini ikizimwa. Fundi anaweza kuiunganisha na swichi ya gari ili ukizima izime, au kampuni itoe kifuniko rasmi cha kufunika ukipaki. Mtu aliyelala kwenye gari iliyopaki anafanya kile hasa ambacho kamera inamtaka afanye.

Wa rika lako wanadhani mambo haya yamewazukia ninyi tu. Uingereza, miaka ya 1970, madereva wa malori walipigana na kifaa cha kuandika mwendo na saa za kuendesha, wakakiita jasusi ndani ya kabini. Serikali yao yenyewe ilisitasita kukilazimisha mpaka mwaka 1979 ilipohukumiwa na mahakama ya Ulaya. Leo dereva wa Ulaya anaendesha saa nne na nusu, kisha sheria inamtaka apumzike dakika 45, na kifaa kilekile ndicho anachomwonyesha bosi kwamba saa zake zimekwisha. Huko sheria inakataza pia kumlipa dereva bonasi ya umbali au ya kuwahisha mzigo pale inapohatarisha usalama. Hapo ndipo ningetaka mkazanie kuliko popote, maana kama kwenu nako kuna bonasi ya kuwahi, basi iko na kengele ya usingizi kwenye gari moja! Bosi anakulipa usilale, halafu anakukata kwa kusinzia.

Sheria yetu ya ajira niliyoitaja ina ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku, ziada ikiwemo, na saa 12 za mapumziko kati ya siku na siku. Basi ombeni ripoti ya milio yote ya usingizi ya gari zote, bila majina, kwa saa na kwa mahali. Kama gari kumi zinalia alfajiri baada ya Makambako, hawa si madereva kumi wavivu. Ratiba inayowatoa Dar saa fulani na kuwataka Tunduma saa fulani ndiyo inayolia. Bosi mwenye akili atabadilisha ratiba kabla hajanunua jeneza. Na asipobadilisha, ripoti hiyo ipo, na siku ajali ikitokea itasomwa na watu wengine.

Mabasi yametutangulia kwenye hili. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, iliwawekea mfumo wa kufuatilia mwenendo, VTS, na dereva akizidisha mwendo kengele inalia mpaka abiria wanasikia. Waliojaribu kuuchezea mfumo ule wamekuwa wakitangazwa na kuadhibiwa. Kwa hiyo waambie wenzako: gundi, kofia, kuchomoa waya, hapana. Mtu akichezea kifaa, kesi yake inageuka kuwa ya utovu wa nidhamu, na yale mengine yote ya haki yanasahaulika siku hiyohiyo.

Kupaki gari zote pia hapana, si kwa namna wanayoitaka. Mgomo halali una hatua zake: mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, usuluhishi ukishindikana kura inapigwa, mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Mkipaki asubuhi moja bila hayo, mizigo ya watu ikiwa njiani, mmempa bosi sababu ya kuwafukuza wazee wote na kubaki na vijana waliosaini. Na ikitokea mtu amefukuzwa, asikae nyumbani akisubiri kuitwa, dai la kuachishwa kazi linapelekwa CMA ndani ya siku 30.

Wewe ukubwa wako utumie hivi. Chagueni watu wanne, wawili wa rika lako na wawili vijana. Vijana wawe ndani kwa sababu moja: bosi akiona wazee peke yao atasema mnaogopa mashine, na mazungumzo yataishia hapo. Kijana anayejua kufungua ule mfumo kwenye simu akimwonyesha kipimo kilivyowekwa vibaya, anasikilizwa. Nendeni na karatasi yenu iliyoandikwa, siyo malalamiko ya mdomo. Muanze kwa kusema kamera mmeikubali. Mwambieni hivyo mwanzoni kabisa, atulie, kisha mumpe masharti: hakuna simu gari ikiwa kwenye mwendo, hakuna makato bila dereva kuonyeshwa video na kusikilizwa, ya ndani izime injini ikizimwa, ripoti ya milio iletwe kila mwezi, mileji ijadiliwe. Na ombeni yule kijana wa ofisini apakiwe safari moja mpaka Tunduma, aone jua la jioni kwa macho yake. Najua kampuni nyingi haziruhusu abiria kabini, lakini huyu ni mfanyakazi na barua ataandikiwa.

Ukienda hivyo na bosi akakataa kila kitu, hapo sasa Rungwe tutaizungumza, niandikie tena.

Yule mwenzenu wa kofia asiiache barua ya onyo ikae kwenye faili bila jibu, maana ya pili ikija itahesabiwa juu ya hiyo. Ajibu kwa maandishi wiki hii: gari ilikuwa imepaki, injini imezimwa, alikuwa kwenye mapumziko. Aombe ripoti ya safari ya usiku ule kutoka kwenye mfumo huohuo, inayoonyesha gari ilisimama saa ngapi na kuondoka saa ngapi, aiambatanishe, na nakala abaki nayo.